Kuvutwa kwa Ujira au Kuokolewa kwa Tuzo: Ulinganisho kwa Mwenye Boti

Kamba inaporushwa kutoka boti moja hadi nyingine, hakuna anayeona tofauti kati ya kuvuta na kuokoa. Kamba ni ile ile, na mwendo wa kurudi gatini ni ule ule. Tofauti hujitokeza siku chache baadaye karatasi ya madai inapofika, kwa sababu mvutaji hudai saa zake za kazi na mafuta yake, ilhali mwokoaji hudai tuzo inayopimwa kwa kutazama thamani ya chombo alichokinusuru. Tuseme boti ina thamani ya shilingi milioni 6 za Kenya: kwa hesabu ya kwanza mwenyewe anaweza kudaiwa elfu 30, na kwa hesabu ya pili akadaiwa zaidi ya milioni moja, na kila mdai akawa na hoja ya kusimamia mbele ya hakimu.

Nayasema haya nikiwa nimewahi kukaa upande wa mdaiwa. Boti ya ami yangu, ya fiberi na yenye urefu wa futi 28, ilizimika injini nje ya mlango wa Kilifi kwa sababu maji yalikuwa yameingia kwenye dizeli. Ulikuwa msimu wa kusi na upepo ulitusukuma kuelekea mwambani, lakini tulikuwa tumetia nanga na nanga ilikuwa imeshika. Boti ya kazi ikafika, nahodha wake akasema, “Nipeni kamba kwanza, mengine tutazungumza nchi kavu,” na ami, ambaye ni mtu wa heshima zake na hakutaka kujadiliana bei mbele ya wageni waliokuwa wakitapika, akampa kamba. Wiki ya pili yake ikaja karatasi yenye kichwa “Gharama za uokoaji”, ikitaka robo ya thamani ya boti. Ugomvi wote uliofuata ulizunguka swali moja dogo: nanga ilikuwa imeshika, au ilikuwa ikiteleza? Kilichotufaa ni picha mbili za simu zilizopigwa na mmoja wa wageni kwa tofauti ya dakika 20 hivi, ambazo zote mbili zilionyesha paa lile lile la nyumba ya ufukweni likiwa nyuma ya mnazi ule ule. Chombo kinachoteleza hakibaki kwenye mstari mmoja namna hiyo. Madai yalishuka hadi yakawa ujira wa kuvuta na nyongeza ya kiungwana, ingawa yalituchukua miezi kadhaa.

Basi jambo la kwanza la kulinganisha ni hatari. Kuvuta ni kukodi nguvu ya chombo kingine. Jaji Lushington wa Uingereza, katika shauri la meli Princess Alice la 1849, alilieleza jambo hili kwa namna ambayo bado inatumika: ni kuajiri chombo kimoja ili kuharakisha safari ya kingine, pasipo kuhitajika zaidi ya kuongezewa mwendo. Uokoaji, kwa upande wake, unadai mambo matatu, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliyataja katika shauri la Sabine la 1879: pawe na hatari ya baharini, msaada utolewe na mtu ambaye hakuwa na wajibu wa kuutoa, na kazi ifanikiwe walau kwa sehemu. Hatari hiyo si lazima iwe imekwisha kumfika mtu kooni. Inatosha kwamba nahodha mwenye akili timamu, akiwa mahali pale na saa ile, angekuwa na sababu ya kuogopa kwamba chombo kitaharibika kisiposaidiwa.

Hapa ndipo bahari yetu inapoingia katika sheria kwa namna ambayo vitabu vya ng'ambo havielezi vya kutosha. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kina hupita mita 3. Boti iliyopwelewa kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yameanza kujaa haina hatari ya maana ikiwa bahari ni shwari. Nahodha akivuta subira, itaelea yenyewe, na anayekuja kuivuta kabla ya hapo anauza muda tu. Lakini boti iyo hiyo ikipanda fungu kwenye kilele cha maji ya bamvua, mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa kila maji kujaa yatakayofuata yatakuwa madogo kuliko yaliyotangulia, na huenda ikabaki pale hadi bamvua nyingine, takriban wiki mbili baadaye, ikipigwa na mawimbi kila siku. Ikiwa kilicho chini ni tumbawe badala ya mchanga, hata nusu saa ni nyingi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama tukio lilikuwa la kuvuta au la kuokoa aanze na mambo manne: maji yalikuwa yakifanya nini, chini palikuwa na nini, upepo ulitoka wapi, na nanga ilikuwa katika hali gani. Mawakili watakuja baadaye na maneno makubwa, lakini watarudi kwenye hayo manne.

Jambo la pili ni namna malipo yanavyohesabiwa. Ujira wa kuvuta huwa wa saa au wa mkupuo. Ukiwa wa saa, ugomvi wa kawaida ni saa ya kuanzia, kwa maana mvutaji huhesabu tangu alipofungua kamba gatini kwake hadi aliporudi, ilhali mwenye boti hudhani hesabu inaanza pale kamba ilipofungwa kwenye omo, yaani mbele ya chombo chake. Tofauti hiyo inaweza kuongeza malipo maradufu bila mtu yeyote kusema uongo. Ukiwa wa mkupuo, ugomvi huhusu mahali pa kufikishwa: mlangoni, gatini, au kwa fundi.

Tuzo ya uokoaji haina bei ya saa wala asilimia maalumu, ingawa gumzo la gatini hupenda kutaja theluthi au nusu kana kwamba imeandikwa mahali. Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa Mali Baharini, uliotiwa saini London mwaka 1989 na kuanza kutumika 1996, na ambao Kenya imejiunga nao, unaorodhesha vigezo vya kutazamwa. Miongoni mwake ni thamani ya mali iliyookolewa, ukubwa wa hatari, ustadi na juhudi za waokoaji, muda na gharama walizotumia, hatari waliyojitia wenyewe, wepesi wa kufika, thamani ya vifaa vyao, na jitihada za kuzuia uchafuzi wa mazingira. Vigezo hivyo vinakusudiwa kuwatia watu moyo wa kuokoa, na ndiyo maana tuzo huwa kubwa kuliko ujira wa kazi ile ile. Hata hivyo upo ukomo: ukiacha riba na gharama za kesi, tuzo haiwezi kuzidi thamani ya mali iliyookolewa. Thamani inayohesabiwa, tena, ni ile ya chombo kikiwa katika hali yake baada ya kuokolewa. Boti ya milioni 6 iliyofikishwa gatini ikiwa na matengenezo ya milioni 2 ni mali ya milioni 4, na nimeona madai yakiandikwa kwa kutazama bei ya ununuzi ya miaka mitano iliyopita.

Linalofuata ni nani anabeba hasara kazi ikishindikana. Katika kuvuta kwa saa, kamba ikikatika mara tatu na boti ikaishia mwambani, saa zimekwisha kutumika na kwa kawaida zinalipwa, isipokuwa kama mvutaji alizembea. Katika uokoaji kanuni ni kwamba pasipo mafanikio hapana malipo, na hiyo ndiyo kanuni iliyomo katika fomu ya wazi ya Lloyd's, soko la bima la London, iliyoanza kuchapishwa kama fomu rasmi mwaka 1908 na ambayo huacha kiasi cha tuzo kiamuliwe baadaye na msuluhishi. Mkataba wa 1989 umeruhusu malipo maalumu kwa mwokoaji aliyejaribu kuzuia uchafuzi wa mazingira hata kama chombo kimepotea, lakini kwa boti ndogo jambo hilo hutokea kwa nadra. Kwa mtu asiye na fedha mkononi na ambaye boti yake iko katika hatari ya kweli, masharti hayo si mabaya hata kidogo: chombo kikipotea hadaiwi tuzo, na kikipona ana mali ya kulipia.

Kuhusu madhara yanayosababishwa na msaidizi mwenyewe, mikataba ya kuvuta inapaswa kusomwa hadi mgongoni mwa karatasi. Masharti ya kawaida ya Uingereza yamezoea kumbebesha mwenye chombo kinachovutwa lawama ya takriban kila kitu. Marekani ni kinyume chake, kwani tangu shauri la Bisso la 1955 Mahakama ya Juu imekataa mvutaji kujivua lawama ya uzembe wake kwa kifungu cha mkataba. Kwa uokoaji, mwokoaji anayefanya vibaya anaweza kupunguziwa tuzo au kunyimwa yote.

Je, bei iliyokubaliwa nahodha akiwa katika dhiki ni bei? Swali hili ni la zamani, na majibu yake yanafaa kujulikana na kila anayerusha kamba. Mwaka 1876 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la meli Medina, iliyokuwa ikipeleka mahujaji 550 Jeddah na ikavunjikia kwenye mwamba katika Bahari ya Sham. Nahodha wa meli iliyofika kuwachukua alitaka pauni 4,000 na akakataa chini ya hapo. Nahodha wa Medina, akiwa na mamia ya watu juu ya jiwe, akakubali. Mahakama ilitangua mapatano hayo na kutoa pauni 1,800. Mwaka 1903, katika shauri la meli mbili zilizokuwa zimejikinga na dhoruba bandarini, mwenye tagi, yaani boti ya kuvutia meli, alisema ama alipwe pauni 1,000 ama hakuna kamba. Akaahidiwa, na mwisho akapewa pauni 200. Msimamo huo sasa umo katika Mkataba wa 1989, ambao unaruhusu mapatano yatanguliwe au yarekebishwe ikiwa yalifanywa chini ya shinikizo la hatari na masharti yake si ya haki, au ikiwa malipo ni makubwa mno au madogo mno kwa kazi iliyofanyika. Watu husahau kwamba yamo pia maneno “madogo mno”. Nahodha anayemwahidi mvuvi elfu tano kwa kuinasua boti ya mamilioni kutoka mwambani hajajihakikishia chochote.

Kwa sababu hiyo hiyo, hata bei halali ya kuvuta haimfungi mvutaji katika kila hali. Tangu shauri la Minnehaha la 1861 imekubalika kwamba kazi iliyoanza kama kuvuta inaweza kugeuka kuwa uokoaji, ikiwa njiani kumezuka hatari ambayo pande zote mbili hazikuitazamia na mvutaji akafanya zaidi ya alichoahidi. Mwenye boti anayetaka kuzuia mgeuko huo ana haki ya kuweka masharti wazi mwanzoni, kwa kuwa mapatano ya wazi hutangulia kanuni za kawaida. Vilevile ana haki ya kumkataza mtu asimsaidie, na anayeendelea baada ya kukatazwa waziwazi na kwa sababu za msingi hana tuzo. Ukimya ndio hauna kinga: uokoaji hauhitaji mkataba wowote, si wa maandishi wala wa mdomo.

Kuna jambo ambalo katika mikasa yote miwili halina bei, nalo ni uhai wa watu. Nahodha anawajibika kumsaidia mtu aliye katika hatari ya kupotea baharini ilimradi hakitii chombo chake na watu wake katika hatari kubwa, na aliyeokolewa hadaiwi hata senti. Anayekataa kuwapandisha watu mpaka aahidiwe fedha hafanyi biashara ngumu; anavunja sheria. Mwenye boti atenganishe mambo haya mawili bila kusita: watu waondoke kwanza, na mazungumzo ya bei yahusu chombo peke yake.

Baada ya kazi, tofauti inayouma zaidi ni nguvu ya kukizuia chombo. Mvutaji anayedai ujira wa kawaida hulazimika mara nyingi kufuata njia za mdai yeyote, ijapokuwa baadhi ya nchi humpa naye haki juu ya chombo. Mwokoaji ana haki iliyofungamana na chombo chenyewe, na chombo hakipaswi kuondolewa mahali kilipofikishwa bila idhini yake mpaka dhamana iwekwe. Ulimwengu uliliona hili mwaka 2021 meli Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi na kunasuliwa tarehe 29: Mamlaka ya Mfereji ilidai dola milioni 916, kukiwemo milioni 300 za uokoaji, kisha ikashusha hadi milioni 550, na meli haikuachiwa hadi tarehe 7 Julai baada ya maafikiano. Boti ya uvuvi wa michezo inayozuiwa Mtwapa katikati ya msimu wa wageni inapata hasara ya aina ile ile kwa kipimo chake. Dawa yake ni dhamana. Mwokoaji akiwekewa dhamana ya kutosha hawezi tena kuishikilia boti, na kuiweka hakumaanishi kukubali deni. Kwa Kenya mashauri haya yako katika Mahakama Kuu, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kesi za baharini, na madai ya uokoaji chini ya Mkataba wa 1989 hupitwa na wakati miaka miwili baada ya kazi kumalizika.

Sasa bima, ambayo wengi huisahau wanapong'ang'ania neno “kuvuta” kwa kuamini kwamba daima ni nafuu. Sera ya bima ya chombo kwa kawaida hulipa gharama za uokoaji ikiwa hatari iliyoepushwa ni miongoni mwa zilizokatiwa bima. Kuvutwa kwa sababu ya injini iliyozimika bahari ikiwa shwari, kinyume chake, mara nyingi hakulipwi au huwekewa kikomo kidogo. Mwenye boti mwenye bima nzuri, ambaye chombo chake kilikuwa kikipigwa mwambani, akisaini kwa pupa karatasi ya kuvuta anaweza kujikuta akilipa mfukoni deni ambalo kampuni ya bima ingelibeba. Kwa hiyo sera isomwe kabla ya safari, na simu ya kampuni iwe ndani ya boti pamoja na maboya.

Marekani wana njia ya tatu, nayo ni uanachama wa mwaka. BoatUS, iliyoanzishwa 1966, na Sea Tow, iliyoanzishwa 1983, huvuta boti za wanachama wao bila malipo ya papo kwa papo ndani ya mipaka ya uanachama, na walinzi wa pwani wa huko huwaachia wavutaji binafsi matukio yasiyo ya dharura. Lakini uanachama huo ni wa kuvuta na kunasuliwa kwepesi. Boti ikiwa imepanda mwamba au inaingiza maji, kazi huwa ya uokoaji na hesabu hubadilika, jambo ambalo limewashangaza wanachama wengi waliodhani wamekwisha kulipa kila kitu. Mwenye boti huko auone uanachama kama mkataba wa kuvuta uliolipiwa mapema, na bima yake ndiyo ya uokoaji.

Upande mwingine wa ulinganisho huu ni wa wavuvi wetu, na sioni haki kuuruka. Mwokoaji si lazima awe kampuni yenye tagi. Mvuvi wa mashua ya injini ya nguvu farasi 15, anayeacha nyavu zake na kuitoa boti ya kitalii katika mawimbi ya mwambani, ni mwokoaji kamili, na desturi ya kumpa mafuta ya kurudia na “ahsante” haimwondolei haki yake. Wengi hawadai, kwa kuwa baharini leo kwangu kesho kwako, na sitaki desturi hiyo ife. Hata hivyo mwenye boti ya mamilioni asiitumie kama kichaka cha kujifichia.

Kwa upande wangu, injini ikizima na nanga ikiwa imeshika, ningechagua kuvutwa kwa mkupuo, bei ikitajwa pamoja na mahali pa kufikishwa, kwa maana mkupuo huondoa ubishi wa saa ya kuanzia. Nikiwa nimepwelewa mchangani na maji yanajaa, ningetia nanga upande wa bahari, niwapigie bima, na nisimwite mtu. Nikiwa mwambani, au ngama, yaani maji ya chini ya boti, inajaa kuliko bomba linavyoweza kufua, ningekubali uokoaji bila kujadili asilimia, kwa sharti la “pasipo mafanikio hapana malipo” na kiasi kuachiwa msuluhishi au mahakama, kwa sababu wakati huo kila dakika ya kupatana bei inakula thamani ya kile tunachokipatania.

Maneno ya kusema redioni au kwa simu, kabla ya kamba kushuka majini, hayazidi pumzi mbili: “Nahodha, nanga yangu imeshika, hatuingizi maji. Nataka kuvutwa tu, si kuokolewa. Bei yako ya mkupuo hadi gatini ni ngapi?” Jibu liandikwe kwenye daftari la safari pamoja na saa, kina, upepo na hali ya maji. Ami siku hizi ana penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari hilo, na mgeni wa kwanza kupanda boti yake huonyeshwa paa na mnazi.